Daftari lisiloogopa mvua: miezi 14 mfukoni mwa mtu anayeandika fantasia na hawezi kukaa nyumbani

Ngoja nianze na aibu yangu kabisa ili mjue naongea kutoka wapi. Kabla ya hili daftari mi nilikua mtu wa kupanda mlima na laptop. Laptop kweli, kilo moja na nusu bila chaja, nimeiviringisha kwenye sweta katikati ya begi, eti kwa sababu nilikua na riwaya ambayo dedilaini yake imeshapita na hapo hapo nina safari niliyoilipia miezi mingi nyuma, nikajiambia vyote vitakwenda pamoja tu, mchana natembea usiku naandika. Siku sita. Nilirudi na maneno mia tatu na kitu, na karibu mia ya hayo yalikua majina ya miji ya sayari moja ambayo baadae niliifuta yote. Betri ilizima usiku wa tatu kwa baridi, na kuanzia hapo nilikua nimebeba tofali.

Kilichoniuma zaidi sio maneno. Ni kwamba nilikua nakaa ndani ya hema natazama skrini wakati wenzangu wako nje wanaangalia mawingu yakiwa chini ya miguu yao. Riwaya sikuandika, mlima sikuuona vizuri. Hasara mara mbili.

Rafiki yangu mmoja ni mpima ardhi, ndo alinicheka akaniambia we unabeba ofisi nzima, sisi kazini tunaandika kwenye daftari la mvua na penseli basi, mvua ikinyesha tunaendelea. Nikanunua. Sasa yapata miezi kumi na nne na safari tatu ndefu, nadhani nimelitumia kiasi cha kutosha kusema ukweli wake, mazuri na ya ovyo.

Kwanza kitu chenyewe. Ni saizi ya A6, milimita 105 kwa 148, linakaa vizuri kwenye mfuko wa paja wa suruali za kutembelea. Springi inayoshika kurasa iko juu sio pembeni, jalada ni plastiki ngumu kiasi kwamba unaweza kuandika umesimama bila meza. Kurasa zina mistari hafifu. Halina urembo wowote, na mi hilo nimelipenda, manake madaftari mazuri ya ngozi yale ya kuvutia huwa naogopa kuyachafua naishia kuandika ukurasa mmoja wa kwanza kwa mwandiko wa harusi halafu basi.

Karatasi ndo habari yenyewe. Kuna aina mbili sokoni na watu wanazichanganya sana. Moja ni karatasi ya kawaida ya mti ambayo imetibiwa kwa kitu kinachofukuza maji, kwa hiyo tone linakaa juu kama tone juu ya jani la mgomba, unalikung'uta linaondoka. Ya pili wanaiita karatasi ya mawe, na sio mzaha, sehemu kubwa ni unga wa chokaa uliogandishwa kwa plastiki, haina nyuzi za mti kabisa. Ya mawe ni laini mno, unaandika mkono unateleza raha, ila ni nzito kuliko inavyoonekana na joto inaliogopa. Daftari dogo la aina hiyo nilikua nalo kabla, nikaliacha karibu na jiko la kambi, kona ikajikunja kama nywele zilizounguzwa. Hili ninaloongelea leo ni la aina ya kwanza, na baada ya kutumia zote mbili mi nachagua ya kwanza bila kufikiri.

Na wala sio teknolojia mpya, nilishangaa. Kampuni ya Rite in the Rain ilianza 1916 huko Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, mzee mmoja Jerry Darling akitengeneza karatasi za kuwasaidia watu wa biashara ya magogo wanaofanya kazi mvuani. Langu sio la kwao, ni la kampuni nyingine ambayo sitaitaja kwa sababu nina malalamiko nayo huko mbele, ila nawapa heshima waanzilishi.

Nililijaribu kabla ya safari kwa njia ya kishamba tu, nikaandika ukurasa mmoja kwa penseli nikalitupa kwenye beseni la maji usiku mzima. Asubuhi jalada linateleza, kurasa zimeshikana kidogo, ila maandishi yako vile vile. Nikalianika dakika ishirini nikaendelea kuandika.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaharibu, wananunua daftari halafu wanaandikia kalamu ya jeli. Sahau. Wino wa jeli ni wa maji, na karatasi inafukuza maji, kwa hiyo wino unakaa juu unangoja upitishe kidole uchafue kila kitu. Kalamu ya kawaida ya biki inaandika karatasi ikiwa kavu, ikilowa inaruka ruka, na kwenye baridi kali wino unakua mzito unakwaruza bila kutoa kitu. Penseli ndo mfalme. Mi natumia ya kubonyeza yenye risasi nene ya milimita 1.3 kwa sababu zile nyembamba za 0.5 zinavunjika kila nikivaa glavu. (Tunaita risasi lakini humo hamna risasi yoyote, ni grafiti na udongo wa mfinyanzi, Mfaransa mmoja Conté alipata hataza ya mchanganyiko huo 1795 na mpaka leo penseli ni ule ule.)

Kuna pia zile kalamu za angani, zenye wino uliobanwa kwa gesi ya naitrojeni, zinaandika kichwa chini na kwenye baridi. Nzuri, rafiki yangu mwingine anayo. Ila naomba sisi watu wa hadithi za anga tuache kusambaza ile stori kwamba Marekani ilichoma mamilioni kutengeneza kalamu wakati Warusi walitumia penseli. Sio kweli. Paul Fisher, mtengeneza kalamu wa Marekani, aliitengeneza kwa hela zake mwenyewe, NASA, shirika la anga la Marekani, ikaja kununua tu, ikaruka na chombo cha Apollo 7 mwaka 1968, na Wasovieti nao baadae wakanunua. Penseli kwenye chombo cha anga ni tatizo, vumbi la grafiti linaelea na linapitisha umeme. Huku chini ambako vumbi linaanguka, penseli inatosha.

Utaniuliza kwa nini nisitumie simu. Nimejaribu, jamani. Skrini ikiwa na matone inadhani kila tone ni kidole, inafungua vitu vyake yenyewe. Ukivaa glavu haikusikii, ukivua vidole vinakufa. Na simu ile ile ndo ramani yako na ndo ya kuitia msaada ukipata shida, kwa hiyo kila asilimia ya betri unayotumia kuandika kuhusu mazimwi ni asilimia unayojinyima ukivunjika mguu. Kurekodi sauti nako nikadhani nimepata ufumbuzi, nikarudi na dakika arobaini za upepo na mtu anayehema kama anafukuzwa, maneno niliyoyaelewa ni "kumbuka hii" tu. Kumbuka nini sasa?

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, kwa sababu daftari lisilolowa ni jambo dogo, kubwa ni lilichonifanyia kwenye uandishi, na hapa nitakaa kidogo.

Ni dogo na linachosha mkono. Hiyo ndo faida yake, sikutegemea. Ukiwa umesimama kwenye mteremko mvua inakupiga, huwezi kuandika sura ya riwaya, huwezi hata kuandika sentensi nzuri. Unaandika maneno sita. Kwa hiyo unaandika kitu ambacho mwili umekiona sasa hivi na ambacho ukikaa kwenye kiti nyumbani hutakizua. Nimefungua hapa ukurasa wa safari ya kwanza, unasema hivi: "vidole havijui kifungo, nimefunga kwa meno." Chini yake: "maji yanachemka upesi, chakula hakiivi." Chini yake tena: "nimesikia harufu ya watu kabla ya kuona kambi." Basi. Ukurasa mzima ni mambo ya namna hiyo, hakuna ploti, hakuna mhusika.

Halafu nikafika nyumbani nikafungua rasimu yangu, ile ya jeshi linalovuka mlima wa barafu, nikaona aibu. Jeshi langu lilikua linatembea kilomita arobaini na kupanda mita 2,400 na mizigo, halafu wanafika mchana wanawasha moto na kuanza kupanga vita wakiwa wachangamfu. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, ya mwaka 1892, wapandaji wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Piga hesabu. Kilomita arobaini ni saa nane, mita 2,400 ni saa nne, jumla saa kumi na mbili, na hiyo ni kwa mtu mwenye afya, asiyebeba mzigo mkubwa, hapumziki, na njia ni nzuri. Jeshi langu lina punda na majeruhi na mikokoteni! Nikafuta sura tatu. Safari ya siku moja ikawa siku nne, na katika zile siku nne ndo ugomvi wa makamanda wawili ulipatikana, ule ambao nilikua nautafuta mwaka mzima siupati, kwa sababu watu waliochoka na wenye miguu iliyolowa wanagombana wenyewe, huhitaji kuwatafutia sababu.

Na mji wangu wa mawinguni, nilikua nimeuweka mita 5,500 juu na watu wake wageni kwa wenyeji wanacheza ngoma usiku kucha. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani. Mi nilikua mita 4,000 na kitu tu na kufunga kamba za viatu kulinifanya nikae chini nipumzike. Daftarini nimeandika "kamba ya kiatu = mapumziko." Sasa kwenye riwaya wageni wanaofika mji ule wanajulikana kwa jinsi wanavyokaa chini kila baada ya ngazi kumi, na wenyeji wana neno la dharau kwa watu hao. Mlima ulinipa kitu hicho chote kwa maneno manne ya penseli.

Yaani mtu akitunga ulimwengu ambao haupo, mazimwi na miezi mitatu na mashine zinazoongea, msomaji atakubali hayo yote ukimpa kwanza soksi iliyolowa ambayo anaijua. Soksi huwezi kuitunga. Lazima uwe umeivaa.

Safari ya pili ilikua ya kayaki, siku tatu, na hapo ndo karatasi ilifanya kazi yake hasa manake kila kitu kilikua kimelowa muda wote. Nilifunga daftari kwa kamba kwenye jaketi la kuokolea. Likadondoka majini mara mbili, na mara zote mbili lilirudi salama. Hapo nilikua naandika hadithi fupi ya mafundi wanaofanya kazi nje ya chombo cha anga, na usiku mmoja nikaogelea kwenye maji meusi kabisa, hujui juu wala chini, nikatoka natetemeka nikaandika "sikio linajua chini kabla ya jicho." Arthur C. Clarke, mwandishi wa hadithi za anga, alihamia Sri Lanka mwaka 1956 kwa sababu ya kupiga mbizi, na alikua anasema chini ya maji ndo mtu wa kawaida anakaribia hali ya kutokua na uzito. Zamani nilidhani ni kisingizio cha mtu anayependa bahari. Kumbe ni utafiti wa bei rahisi kuliko roketi.

Hata mama wa hizi hadithi zetu, Mary Shelley aliyeandika Frankenstein, alikua na miaka 18 majira yale ya 1816 alipokua na wenzake karibu na Ziwa Geneva, Uswisi, mvua haikomi, volkano ya Tambora huko Indonesia ilikua imelipuka mwaka uliotangulia ikavuruga hali ya hewa mpaka Ulaya. Watu wanapenda kusimulia walivyofungiwa ndani wakatungiana hadithi za mizimu. Wanasahau kwamba mwezi Julai alitoka akaenda Chamonix, kwenye milima ya Alps, akaona barafu kwa macho yake, akaandika kwenye shajara, na barafu ile ile ndo mahali ambapo muumba na kiumbe chake wanakutana kwenye kitabu. Nyumbani ilikua wazo. Barafu aliifuata mwenyewe.

Safari ya tatu ilikua jangwani na hapo niseme tu ukweli, daftari hili halikua na maana yoyote. Hakuna mvua, hakuna unyevu, daftari la shule lingetosha. Mchanga uliingia kwenye springi likawa linasaga kama meno. Kama safari zako ni za sehemu kavu usipoteze hela.

Sasa malalamiko. La kwanza ni springi. Ni ya waya laini mno, baada ya kukaliwa ndani ya begi mara kadhaa ikapinda, kurasa za mbele zikawa zinachomoka. Nilipoteza kurasa mbili, moja ikiwa na ramani ya bandari niliyoichora kwa saa nzima na hadi leo sijaweza kuichora tena vile vile. Nikawaandikia walioniuzia, wakanijibu kwamba nililitumia vibaya. Daftari la mlimani! Nililitumia mlimani! Wakanipa punguzo la kununua jingine, basi nikaona hawa hatuelewani.

La pili, kufuta. Penseli juu ya karatasi hii ikishalowa inakamata kweli kweli, kifutio kinaacha kivuli. Mi sijali kwa sababu huku nje sifuti kitu, ila mchoraji atalia.

La tatu sio la daftari, ni la kwangu. Mwandiko. Kwenye baridi naandika kama kuku aliyekunywa, na kama nikikaa wiki tatu bila kunakili siwezi kusoma mwenyewe. Kuna mstari unasema ama "mfalme ana mguu mmoja" ama "mlima una ngoma nyingine", sitajua kamwe, nimezitumia zote mbili.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa hivi uko hivi na ndo umeniwezesha kuishi na hizi tabia mbili bila kuibia moja kulisha nyingine. Safarini siandiki riwaya. Kabisa. Laptop inabaki nyumbani na sijisikii vibaya, mwhariri anajua sipo, rasimu inalala. Mfukoni kuna daftari na penseli na risasi za akiba kwenye kichupa cha dawa. Nikirudi, siku mbili za kwanza sifui nguo wala sigusi rasimu, nanakili daftari lote kwenye kompyuta pamoja na upuuzi wake, kwa sababu siku hizo mbili mwili bado unakumbuka na neno moja linafungua aya nzima, siku ya kumi neno lile lile limekufa. Baada ya hapo ndo naandika kwa wiki, miezi, nimekaa kitako kama mtu mwingine yeyote, mpaka miguu ianze kuwasha.

Kabla ya hapo nilikua najiona mwizi kila mahali. Nikiwa mlimani nawaza sura ya nane, nikiwa kwenye sura ya nane nafungua ramani. Sitaki kudanganya kwamba daftari limetibu yote, bado nafungua ramani.

Nyota ngapi? Karatasi nyota tano. Springi nyota mbili na hizo nimekua mpole. Huduma kwa mteja sitoi nyota, wenyewe wanajua. Kwa ujumla nne, manake hadithi fupi ya mafundi wa anga imeisha na riwaya ya jeshi imevuka mlima wake hatimaye, na zote mbili zimetoka kwenye kitu chenye uzito mdogo kuliko chaja ya laptop yangu ya zamani.

Nitanunua tena ila sio la springi, nimeona kuna yaliyoshonwa kama kitabu, hayo ndo naenda kuyajaribu safari ijayo. Kama we ni mashoto lakini chukua springi ya juu hivyo hivyo na matatizo yake, zile za pembeni zitakuchubua mkono kabla hujafika kambi ya kwanza.